Rivyu: darasa la takwimu la jioni ambalo grupu asaimenti hazibebwi na mtu mmoja

Wakuu habari za mihangaiko. Msimu huu watu wanazunguka vyuoni kutafuta kozi za jioni, kila mtu anauliza ada, anauliza kama chuo kinatambulika TCU (ile tume ya vyuo vikuu), anauliza pa kupaki gari, sijaona mtu anauliza hivi humo ndani wanafundishaje. Mi nimemaliza juzi kozi ya takwimu za biashara chuo kimoja hapa mjini Dar, darasa la jioni la wafanyakazi, na nataka niirivyu kama mtu anavyorivyu simu au hoteli, maana hela yangu imetoka. Jina la chuo siweki kwa sababu kuna mabaya nitayasema na sitaki kesi. Nyota nimetoa nne kwa tano, na hizo nne chuo kisijidai, ni za madam aliyetufundisha na utaratibu wake wa kuendesha makundi.

Kwanza tukubaliane grupu asaimenti Bongo zinavyokuwaga. CR (kiongozi wa darasa) anapitisha karatasi, watu kumi na mbili mpaka kumi na tano wanajiandika kwa urafiki, vichwa wa benchi la mbele wanajikusanya wenyewe kwa wenyewe, waliochelewa kusajiliwa wanaundiwa grupu la makapi. Baada ya hapo kimya. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya ndo Wasap inawaka, "jamani tumefikia wapi", kichwa mmoja anafanya yote, mwingine anasema atalipia kuprinti, dada mmoja anapewa kutaip kwa sababu ni dada, waliobaki wanatuma namba ya usajili iwekwe kwenye kava. Siku ya prezentesheni anatokea kaka mwenye suti na kiingereza cha puani anasoma slaidi ambazo hajaziandika na ndo huyo mwalimu anamkumbuka jina. Mnapewa 16 kwa 20 wote. Aliyejifunza hapo ni yule mmoja aliyefanya, na alichojifunza zaidi ni kuchukia watu.

Sasa huyu madam siku ya kwanza hakupitisha karatasi ya kujiandika. Aligawa fomu ya maswali: unakaa wapi, unatoka kazini saa ngapi, kombi yako ya form six ilikuwa ipi, mara ya mwisho kugusa hesabu ni lini, una laptop au simu tu, kuna chochote kinachokufanya usione au usisikie vizuri darasani, hilo la mwisho ukitaka unamfuata pembeni unamwambia. Kipindi kilichofuata timu zikabandikwa, watu sita sita, na hamhami mpaka semista iishe. Watu wa EGM na PCM, kombi zenye hesabu, kawatawanya, watu wa HGL na HKL ambao walikimbia hesabu toka form two nao kawatawanya. Hakuna timu yenye mwanamke mmoja peke yake katikati ya wanaume watano, ama wawili kwenda juu ama hakuna. Na alijitahidi kila mtu awe na mwenzake wa njia moja, mi wa Kimara nikapangwa na jamaa wa Mbezi, kwa hiyo diskasheni nyingine tulizimalizia ndani ya mwendokasi tumesimama. Kulikuwa na manung'uniko balaa, watu wazima wana mashosti zao wanataka kukaa nao, madam hakubadilisha hata jina moja.

Utaratibu wenyewe hajaubuni yeye, alisema. Ni wa profesa mmoja wa Marekani, Larry Michaelsen, alianza nao Chuo Kikuu cha Oklahoma mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya darasa lake kutoka wanafunzi 40 mpaka 120, akagoma kusimama mbele na kuhutubia umati. Unavyokwenda ni hivi: unasoma kurasa chache nyumbani, ukifika darasani unafanya kwizi fupi peke yako, unakusanya. Palepale timu inafanya kwizi ileile tena, maswali yaleyale, ila sasa mnabishana mpaka mkubaliane jibu moja. Alama zako zinatoka pande zote mbili, yako binafsi na ya timu. Yani huwezi kuja mtupu ukadandia, maana ile ya kwanza umekaa na karatasi yako peke yako, na huwezi pia kujifungia na ukichwa wako, maana ile ya pili mnazama au mnaelea wote.

Kwenye kwizi ya timu ndo utamu ulipo. Huko kwao wanatumia kadi za kukwangua, kama vocha zile za zamani, ukikwangua jibu sahihi inatokea nyota, ukikosa unakwangua jingine ila alama zinashuka. Madam hizo kadi hakuwa nazo, akatumia Moodle, ile programu ya bure ambayo vyuo vingi hapa nchini vinayo lakini vinaitumia kupakia madesa tu. Simu moja kwa kila timu, mnabonyeza jibu, inawaambia palepale mmepata au mmekosa, mkikosa mnajaribu tena kwa alama pungufu. Siku mtandao ulipogoma alikuja na karatasi ambazo majibu kayafunika kwa stika ndogo ndogo, mkabandua. Ilifanya kazi vilevile na mi niliipenda zaidi ya simu.

Kwa nini nasifia kitu kidogo hivyo? Sikia. Timu yetu ilikuwa na kaka mmoja wa benki, anaongea vizuri, kiingereza safi, sauti nzito, na mama mmoja anauza vitambaa Kariakoo, anakaa pembeni, akiongea anaanza na "mimi sijui lakini". Kwizi ya mwanzoni kabisa kulikuwa na swali, ofisi ina watu kumi, tisa wanalipwa laki tano kila mmoja na bosi milioni nane, kwa hiyo wastani wa mshahara unasoma 1,250,000 japo hakuna mtu hata mmoja anayelipwa hiyo hela. Bosi akipandishiwa mpaka milioni kumi, nini kinabadilika: wastani tu, mediani tu, vyote viwili, au hakuna. Kaka wa benki akasema vyote viwili, akaeleza kwa maneno mazito, tukaitikia wote. Mama akasema mimi sijui lakini nadhani wastani tu. Tukabonyeza cha benki. Kosa. Ndo tukamgeukia mama, akasema jamani mediani si ni yule wa katikati mkipangwa mstari, na bado ni yuleyule wa laki tano, bosi apande asipande yeye yuko mwisho wa mstari. Wastani ndo unaruka unaenda 1,450,000. Kimya. Kuanzia hapo hakuna aliyebonyeza kabla ya kumuuliza mama, na yeye "mimi sijui lakini" taratibu ikapotea.

Angalia kilichotokea hapo. Madam hakutupa semina ya kuheshimiana, hakusema "sikilizeni na wenzenu wanyonge". Jibu lilitoka palepale, ikaonekana nani anajua na nani ana sauti tu. Kwenye grupu za kawaida ile ripoti ingeenda na jibu la benki, ingerudi baada ya wiki tatu na alama nyekundu, na hakuna ambaye angekumbuka kuwa mama alisema. Kwangu mi hapo ndo haki ya darasani ilipo, imewekwa kwenye utaratibu wenyewe, haisubiri watu wawe na roho nzuri, na mwalimu ndo anayeiweka, nyie wanafunzi mkiachiwa mtapangana kama mlivyopangwa mtaani.

Lugha sasa. Hii watu hawaisemi lakini ni kubwa. Wengi wetu tumetoka St. Kayumba, yani shule za msingi za serikali, darasa la kwanza mpaka la saba Kiswahili, sekondari ghafla kila kitu kiingereza, umefika chuo unaambiwa jadilianeni, unajadili nini wakati nusu ya akili inatafuta kitenzi? Walioanzia shule za kulipia wanaonekana wana akili kumbe wana kiingereza. Madam alisema wazi, ndani ya timu jadilini kwa lugha yoyote, jibu tu ndo liandikwe kiingereza kwa sababu mtihani utakuja hivyo. Na alitoa karatasi moja ya maneno magumu ya takwimu na maelezo yake kwa Kiswahili. Kitu cha ukurasa mmoja tu, sijui kwa nini walimu wengine hawafanyi. Kuna wenzetu walilalamika kuwa inashusha hadhi ya chuo. Hao waacheni.

Vyeo ndani ya timu vinazunguka pia, mwenyekiti, katibu, msemaji, mtunza muda, kila wiki mnabadilishana na orodha anayo yeye. Unaweza kuona ni utoto, ila bila hiyo orodha nakuhakikishia akina dada wangekuwa makatibu mpaka mwisho wa semista na kaka wa benki angekuwa msemaji mpaka leo.

Halafu kuna ile ya kubadilisha somo kulingana na darasa lilivyo siku hiyo. Anauliza swali moja, kila mtu ananyanyua karatasi yenye alama fulani za mraba, unaigeuza upande kulingana na jibu lako, yeye anapitisha simu yake juu juu kama anapiga video na inasoma majibu ya darasa zima. Inaitwa Plickers, mwanafunzi hahitaji simu wala bando, na jirani yako hawezi kujua umejibu nini kwa sababu kila karatasi ina alama yake tofauti. Ile ya kunyoosha mkono ukiangalia kwanza vichwa wamenyoosha wapi, imekufa hapo. Kama waliopata ni chini ya asilimia 30 anafundisha upya kwa njia nyingine. Kati ya 30 na 70 anasema geukeni, mshawishi mwenzako, mnapiga kura tena. Zaidi ya 70 anaelezea kidogo anasonga. Hii nayo ya Marekani, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, ameanza nayo 1991. Kuna vipindi viwili mada ya sampuli ilianguka kabisa, akaacha alichopanga siku hiyo, tukarudi nyuma. Na kuna mada alidhani itatusumbua tukaimaliza kwa dakika ishirini. Kwenye Moodle nako, kwizi ya nyumbani ukipata chini ya nusu inakufungulia zoezi la ziada na maelezo mengine, ukifaulu unaruka. Mtu wa PCM hakuchoshwa, mtu wa HGL hakuachwa.

Mazoezi makubwa ya timu hayakuwa ripoti ya kurasa ishirini. Ni swali moja kwa timu zote, data moja, chagua kitu kimoja. Mfano, kampuni ina hela ya kufungua tawi moja tu, data ya mauzo na wateja ya Tegeta, Mbagala na Gongo la Mboto hii hapa, chagueni. Dakika arobaini, afu timu zote mnanyanyua kadi kwa wakati mmoja, hakuna kuchungulia. Timu tano zimesema Mbagala, mbili Tegeta, hapo moto unawaka, kila mtu anatetea. Huwezi kugawana kazi ya namna hiyo, "we fanya utangulizi mi nafanya hitimisho", kwa sababu hakuna utangulizi, kuna uamuzi.

Wiki za mwanzo kulikuwa na mgomo baridi. CR alisimama akasema kwa niaba ya wenzake, madam shkamoo, tunakuheshimu, ila tumelipa ada tufundishwe, hatujalipa ili tufundishane wenyewe. Darasa likapiga makofi, na mi nilipiga. Madam hakukasirika. Akatuonyesha utafiti uliotoka 2019 wa darasa la fizikia hukohuko Harvard, wanafunzi waliosikiliza lekcha tamu waliona wamejifunza zaidi, waliohangaika kwa makundi waliona wamejifunza kidogo, walipopimwa ikawa kinyume, wa makundi walifanya vizuri zaidi. Akaongeza mwingine wa 2014 uliojumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi na hesabu, kwamba wanaofundishwa kwa lekcha tupu uwezekano wao wa kufeli ni mara moja na nusu ya wale wanaoshirikishwa. Na wa 2020, kwamba pengo la alama za mitihani kati ya wanafunzi wa makundi ya jamii yaliyoachwa nyuma na wenzao lilipungua kwa asilimia 33, pengo la kufaulu kwa asilimia 45, ila pale tu darasa lilipotumia muda mwingi kwenye kushirikisha, kugusagusa kidogo hakukusaidia. Mi binafsi nikasema sawa, lakini hizo ni takwimu za Marekani, hao hawajatoka bandarini na jasho kuja kukaa na watu sitini kwenye chumba chenye feni moja. Bado nasema hivyo. Ila baada ya kupita humo sikuwahi tena kutamani slaidi za kusomewa.

Sasa mabaya, na yapo.

Kupimana wenyewe kwa wenyewe ndo sehemu dhaifu kuliko zote. Mwisho wa kila mada unagawa alama 100 kwa wenzako watano na huruhusiwi kugawa sawasawa, inakuwa siri. Kwa wazungu labda. Hapa kwetu kumpa mtu mzima mwenye umri wa baba yako alama 12 ni mtihani mkubwa kuliko takwimu, watu wanaoneana haya, wanabebana. Kuna timu niliyoisikia walipanga kabisa zamu, mada hii fulani juu, mada ijayo fulani, na mambo yakaenda bila ugomvi. Madam alishtuka katikati akabadilisha, akawa anataka uandike tukio, siyo sifa. Badala ya "ni mtu mzuri" unaandika "alileta hesabu za swali la tatu kabla ya kipindi". Ikawa afadhali, haikupona kabisa. Na timu moja iligombana kweli mpaka wakakaa meza mbili.

Muda. Kwizi binafsi inaanza mwanzoni mwa kipindi, saa kumi na moja na nusu jioni, mji gani huo? Mtu anatoka Mbagala au Viwanda vya Pugu Road na foleni unaijua, anafika wenzake wameshakusanya. Huu utaratibu unaosemwa ni wa haki ulikuwa unamkata alama mtu kwa sababu ya daladala. Tulilalamika, akasogeza kwizi mpaka saa kumi na mbili na robo na kukupa ruhusa ya kutupa alama zako mbili mbovu kuliko zote. Ingekuwa hivyo toka siku ya kwanza.

Bando nalo. Video za maandalizi zilikuwa nzuri lakini zinakula, na waliokuwa na simu ya batani walitegemea wenzao. Baadaye akawa anaweka na maandishi ya kurasa mbili mbili, yanatosha kabisa, na kopi zikawa zinapatikana steshenari ya jirani.

Kelele ndo kitu ambacho chuo kinastahili lawama peke yake. Timu kumi zinabishana kwenye ukumbi mmoja wa viti vilivyofungwa sakafuni, vyote vinaangalia mbele, watu wanageuza shingo kama bundi mpaka saa mbili usiku. Tulikuwa na mwenzetu ambaye sikio moja halisikii, kwenye ile vurugu alikuwa anapoteza nusu ya mjadala. Madam aliomba chumba kidogo cha pembeni kwa timu ya huyo mwenzetu, utawala wakazungusha barua weee, mwisho alikuwa anawapeleka kwenye korido na viti vya kubeba, na wakawa wanaandikiana hoja kwenye waraka mmoja wa Google ili asome. Fundisha kwa timu unavyotaka, kama jengo limejengwa kwa ajili ya mtu mmoja kuongea na wengine kunyamaza utahangaika. Nyota niliyokata imekatwa hapo.

Kingine, ni mwalimu mmoja tu anafundisha hivi. Semista hiyohiyo kozi nyingine tulirudi kwenye karatasi ya CR na watu kumi na nne kwenye kava moja. Kwa hiyo ukienda kujiandikisha usiulize chuo, uliza mwalimu. Muulize mratibu wa programu vitu hivi hivi: makundi anapanga nani, kuna alama ya mtu binafsi kabla ya alama ya kundi, na anayechelewa kwa foleni anafanywaje. Akikujibu "wanafunzi wanajipanga wenyewe" ujue ni dezo kwa wengine na msalaba kwako.

Kwa mtu anayetaka cheti tu, aingie aondoke, hii kozi itamkera, maana huwezi kujificha. Mtu wa safari za mikoani kila wiki nayo itamsumbua, timu inakutegemea na kwizi za timu hazirudiwi. Kwa aliyekimbia hesabu miaka mingi na anaogopa kuaibika mbele za watu, nenda, hasa kama unajiona huna kiingereza. Ila chukua mkondo wa Jumamosi asubuhi usichukue wa jioni, ada ni ileile, madam ni yuleyule, na wao wanatumia kile chumba cha ghorofa ya chini chenye viti vya plastiki vinavyohamishika.